Mwamuzi na Kitabu Chake: Kanuni na Busara katika Michezo ya Shule

Kila mchezo wenye mwamuzi huendeshwa na mamlaka mbili. Ya kwanza ni maandishi ya kanuni, yaliyotungwa na watu waliokaa mezani mbali na uwanja, na ya pili ni kauli ya mtu mmoja aliyesimama juani, ambaye hana budi kutoa uamuzi ndani ya sekunde moja au mbili huku wachezaji na mashabiki wakimkodolea macho. Uzito wa mamlaka hizo hutofautiana kutoka mchezo hadi mchezo. Besiboli, mchezo wa Kimarekani wa gongo na mpira, ina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu kitabu chake cha kanuni ni kinene na kimejaa vipimo, na wakati huohuo uamuzi unaotolewa mara nyingi kuliko mwingine wowote uwanjani, yaani kama mpira uliorushwa umepita panapostahili au haukupita, umetegemea kwa zaidi ya karne moja jicho la mtu aliyeinama nyuma ya mdakaji.

Nchini Tanzania besiboli ilianza kuingia katika shule za sekondari mwanzoni mwa muongo wa 2010, kwa juhudi za Shinya Tomonari, Mjapani aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Ghana, akishirikiana na walimu na viongozi wa michezo wa hapa nchini. Mashindano ya shule yalipewa jina la Koshien ya Tanzania, kwa kufuata uwanja maarufu wa Koshien huko Japani, uliojengwa mwaka 1924 na kuwa makao ya mashindano ya sekondari yaliyokuwa yamekwisha kuanza mwaka 1915. Mwaka 2018 uwanja wa besiboli ulizinduliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Sofu, mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji Kibaha mkoani Pwani, ni mwendo wa takriban kilomita 40 kwa Barabara ya Morogoro, na kwa wakazi wengi wa kata hiyo, kama ilivyo kwa majirani zao wa Kisarawe, besiboli bado ni mchezo wa kusimuliwa. Lakini swali ambalo besiboli huliuliza waziwazi, yaani ni wapi mwamuzi afuate kanuni kama ilivyoandikwa na ni wapi atumie busara yake, huulizwa kila mwaka katika viwanja vya shule za Sofu, pale vijana wanapocheza soka na netiboli kutafuta nafasi katika timu za kata, kisha za halmashauri, kisha za mkoa, hadi kufikia mashindano ya taifa ya UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo ya Shule za Sekondari Tanzania.

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kueleza besiboli yenyewe kwa ufupi. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye bamba jeupe lililolazwa ardhini, nyuma yake akiwa mdakaji, na pembeni mwa bamba husimama mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga mpira vizuri, hukimbia kupitia vituo vitatu vilivyopangwa kwa umbo la mraba na kurudi kwenye bamba, na kila anayekamilisha mzunguko huiletea timu yake alama moja. Mrusho uliopita juu ya bamba, kati ya magoti ya mpigaji na katikati ya kiwiliwili chake, huitwa straiki hata kama mpigaji hakutikisa gongo, na straiki tatu humtoa. Mrusho uliopita nje ya hapo huitwa boli, na boli nne humpa mpigaji kituo cha kwanza bila jasho. Upana wa bamba unajulikana: ni sentimita 43. Urefu wa eneo hilo, hata hivyo, hubadilika kwa kila mpigaji, kwa kuwa magoti ya kijana mrefu na ya kijana mfupi hayako usawa mmoja, wala kiwiliwili cha mtu hakina mstari uliochorwa. Kwa hiyo kanuni imeandikwa kwa lugha ya vipimo, lakini kipimo chenyewe huchukuliwa na jicho.

Watunzi wa kanuni za besiboli hawakujifanya kutoliona hilo. Waligawanya maamuzi katika mafungu mawili, na mgawanyo huo ndio ufunguo wa mjadala mzima. Fungu la kwanza ni maamuzi ya kuona na kukadiria: straiki au boli, mkimbiaji amefika kituoni kabla ya mpira au baada yake, mpira umeangukia ndani ya mstari au nje. Maamuzi hayo kwa asili ni ya mwisho, na kocha hana ruhusa ya kuyakatia rufaa. Fungu la pili ni namna ya kuitumia kanuni: mwamuzi akimtoa mpigaji kwa straiki mbili badala ya tatu, hilo halihusu macho yake hata kidogo, na kocha ana haki ya kusimamisha mchezo na kudai kitabu kifunguliwe. Soka ina mgawanyo unaofanana na huo, ingawa mashabiki wengi hawaufahamu. Sheria ya 5 kati ya sheria 17 za soka inasema kwamba mwamuzi huamua kwa maoni yake na kwa kuzingatia moyo wa mchezo, na maneno hayo yamo ndani ya sheria. Anayepiga kelele kwamba refa ameacha sheria na kufuata maoni yake huenda analalamikia jambo ambalo sheria imeliagiza.

Mfano unaoonyesha vizuri jinsi kanuni na busara zinavyoweza kufungwa kamba moja ni ule wa mpira unaopigwa juu na kuanguka ndani ya uwanja wa karibu. Kwa kawaida mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji hutoka, na wakimbiaji walioko vituoni hulazimika kubaki au kurudi pale walipokuwa. Tuseme basi kuna wakimbiaji katika kituo cha kwanza na cha pili, na mpira unapaa juu kama embe lililorushwa, ukielekea mikononi mwa mlinzi. Mlinzi mjanja angeweza kuuachia mpira uanguke kwa makusudi, akauokota na kuurusha haraka vituoni, akawatoa wakimbiaji wawili waliosimama wakingoja audake. Ili kuziba mwanya huo, kanuni inamtaka mwamuzi atangaze mara moja kwamba mpigaji ametoka, mpira udakwe usidakwe. Lakini kanuni hiyo hiyo inaweka sharti kwamba mpira uwe ni ule ambao mlinzi angeweza kuudaka kwa juhudi ya kawaida. Juhudi ya kawaida ni ipi? Kwa mchezaji wa kulipwa ni kukimbia mita kadhaa akitazama juu. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeshika glavu mwezi uliopita, ni kusimama pale pale na kuomba Mungu. Hakuna jedwali la kumwambia mwamuzi tofauti hiyo, na kanuni haikukusudia kumpa jedwali.

Kwamba busara ya aina hiyo huzua ghasia hata kwa waamuzi wa daraja la juu, ulimwengu wa besiboli ulishuhudia tarehe 5 Oktoba 2012 mjini Atlanta, Marekani, pale mwamuzi Sam Holbrook alipotangaza kanuni hiyo kwa mpira ulioangukia mbali kabisa, nyuma ya eneo la walinzi wa karibu. Mashabiki wa timu ya nyumbani, Braves, walirusha chupa na makopo uwanjani hadi mchezo ukasimama kwa dakika 19. Kocha aliwasilisha malalamiko rasmi, yakakataliwa usiku huohuo kwa hoja fupi kwamba suala lilikuwa la makadirio ya mwamuzi. Uamuzi huo wa kukataa ulikuwa sahihi, hata kama makadirio yenyewe yalitia shaka, kwa sababu ligi inayokubali kukadiria upya kila makadirio haitamaliza mchezo wowote kabla ya jua kuchwa.

Kisa cha upande wa pili, cha kanuni kufuatwa bila kutazama sababu yake, ni maarufu zaidi na chafaa kusimuliwa kirefu. Tarehe 24 Julai 1983, mjini New York, timu ya Kansas City Royals ilikuwa nyuma kwa alama 4 kwa 3 ikibakiwa na nafasi moja ya kupiga, ndipo George Brett alipoupiga mpira ukavuka uzio, pigo ambalo humruhusu mpigaji na mwenzake aliye kituoni kuzunguka bila kuzuiwa, na matokeo yakageuka kuwa 5 kwa 4. Kocha wa Yankees, Billy Martin, akamwendea mwamuzi Tim McClelland na kudai gongo lipimwe. Wapigaji hupaka utomvu wa msonobari kwenye mpini ili mikono isiteleze, na kanuni iliruhusu utomvu huo ufike inchi 18 tu kutoka mwisho wa mpini, yaani takriban sentimita 46. Waamuzi hawakuwa na rula. Walililaza gongo juu ya lile bamba jeupe, ambalo upana wake ni inchi 17, wakaona utomvu umepita, na McClelland akamtoa Brett na kufuta pigo lake, hivyo mchezo ukahesabiwa umekwisha kwa ushindi wa Yankees. Brett alichomoka kwenye benchi akimkimbilia mwamuzi kwa hasira, na ilibidi ashikwe.

Kwa maandishi ya kanuni, McClelland alikuwa na pa kushika. Lakini rais wa ligi, Lee MacPhail, alikubali malalamiko ya Royals, na hoja yake ndiyo inayokifanya kisa hiki kiwe somo. Aliuliza kikomo cha utomvu kiliwekwa kwa nini, na jibu halikuwa kwamba utomvu humwongezea mpigaji nguvu. Ni kwamba huchafua mipira, na mipira iliyochafuka hutupwa, na mipira ni gharama. Kwa hiyo adhabu iliyofaa ilikuwa kuliondoa gongo kabla ya kutumika, wala si kufuta pigo ambalo utomvu haukulisaidia. Mchezo uliendelezwa tarehe 18 Agosti kuanzia pale ulipokatizwa, na Royals wakashinda 5 kwa 4. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba MacPhail hakuitupa kanuni ili kufuata huruma. Aliisoma kanuni pamoja na sababu yake, kazi ambayo ni ngumu kuliko kusoma maandishi peke yake na ngumu pia kuliko kufuata moyo.

Michezo ya shule ina mazingira yake. Nchini Marekani besiboli ya sekondari haiongozwi na kitabu cha wachezaji wa kulipwa, bali na kile cha shirikisho la vyama vya michezo ya shule za sekondari, lenye makao yake Indianapolis, na anayevilinganisha vitabu hivyo huona kwamba katika mambo kadhaa kile cha shule kimempunguzia mwamuzi nafasi ya kukadiria. Kwa wakubwa, mrushaji akifanya hila ya kumhadaa mkimbiaji kwa mwendo usio halali, mpira huweza kuendelea ili kuona kama upande uliokosewa utanufaika. Shuleni mpira hufa papo hapo na adhabu hutolewa. Radi ikisikika, mchezo husimama, na hauanzi tena mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho, hata kama mwamuzi anaona anga linaanza kung'aa. Tangu mwaka 2017 kila jimbo hutakiwa kuwa na kikomo cha mirusho ambayo mwanafunzi anaweza kurusha kabla ya kupumzishwa, na Japani nayo, ambayo kwa miongo mingi iliwatukuza vijana waliorusha mamia ya mipira siku hadi siku huko Koshien, iliweka mwaka 2020 kikomo cha mirusho 500 kwa wiki.

Sababu ya ukali huo ni nyepesi kueleweka. Bega la mtoto wa miaka 16 haliwezi kuachiwa makadirio ya mtu anayetaka mechi imalizike, wala ya kocha anayetaka kombe, wala ya mtoto mwenyewe, ambaye ukimuuliza kama amechoka atakataa. Mahali ambapo kila mhusika ana sababu ya kudanganya au kujidanganya, nambari ni rafiki wa mtoto. Ndivyo ilivyo pia kwa radi, na msomaji wa mkoa wa Pwani, anayezijua mvua za masika, hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini si kila ukali una sababu nzito kama hiyo. Kwa miaka mingi kitabu hicho hicho cha shule kiliwakataza wachezaji wa besiboli kuvaa mikufu na vito vingine, na waamuzi wakatumia muda kukagua shingo za vijana badala ya kutazama mpira, hadi marufuku hiyo ilipolegezwa.

Katika mashindano ya shule Tanzania, jambo linalolingana na kikomo cha mirusho ni suala la mamluki, yaani wachezaji wanaoingizwa katika timu ilhali si wanafunzi wa shule husika, au ni watu wazima waliovishwa sare. Hapa busara haina kazi. Mwamuzi au msimamizi anayemwonea huruma mamluki kwa kuwa ni kijana mwenye kipaji anamnyang'anya nafasi mwanafunzi halali, ambaye huenda hana safari nyingine ya kutoka Sofu kwenda kuonekana katika mashindano ya mkoa. Waswahili husema sheria ni msumeno, na katika usajili ndipo msumeno huo unapopaswa kukata mbele na nyuma.

Kwenye netiboli hali ni tofauti. Kanuni yake imejaa vipimo: mchezaji asikae na mpira zaidi ya sekunde 3, na anayemkinga mwenzake mwenye mpira awe umbali usiopungua mita 0.9 kutoka mguu wake. Lakini mwamuzi hashiki saa kwa ajili ya sekunde zile, wala hafungui futi ya fundi cherehani kupima umbali. Huhesabu kichwani na kukisia kwa macho, na tena anaruhusiwa kuacha kupuliza filimbi endapo kupuliza kutamfaidisha aliyekosea. Timu mbili za wasichana zikicheza chini ya mwamuzi anayepuliza kwa kila kosa dogo, mchezo hukatikakatika hadi unakosa ladha; zikicheza chini ya anayeachia kila kitu, mabega huanza kugongana na mtu huumia. Ubora wa mwamuzi katika netiboli hujulikana kwa jambo moja ambalo wachezaji huligundua mapema kuliko watazamaji, nalo ni kwamba hesabu yake ya sekunde 3 katika robo ya kwanza ndiyo hesabu yake katika robo ya nne. Wapigaji wa besiboli husema hivyohivyo kuhusu eneo la straiki, kwamba wanaweza kumvumilia mwamuzi mwenye eneo pana au jembamba, wasimvumilie mwenye eneo linalohamahama.

Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya ng'ambo huugusia kidogo tu. Katika ngazi za chini, mwamuzi wa mechi ya shule mara nyingi ni mwalimu, anayefahamika kwa wachezaji, anayefundisha shule jirani na pengine anayepanda bodaboda moja na kocha wa upande mmoja. Mtu wa namna hiyo akitumia busara, hata iliyo njema, mashabiki husema anaibeba timu. Ndiyo maana waamuzi wengi hukimbilia ukali: kanuni ikisomwa kama ilivyo, lawama humwendea mtunzi. Kimbilio hilo linaeleweka, ila lina kasoro yake, kwani kanuni nyingi za mchezo haziwezi kusomwa bila makadirio, na anayedai kwamba hakadirii huwa anakadiria kimyakimya, pasipo kuwajibika kwa makadirio yake.

Kwamba hata kanuni iliyoandikwa waziwazi haimalizi ubishi, Watanzania waliona mwaka 2025. Dabi ya Kariakoo kati ya Yanga na Simba iliyopangwa kuchezwa tarehe 8 Machi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa iliahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa usiku uliotangulia kufanya mazoezi uwanjani, haki ambayo kanuni za ligi huipa timu mgeni. Hakuna aliyebisha kuwa kanuni hiyo ipo. Ubishi ulikuwa juu ya uzito wake: je, kukosa mazoezi ya jioni moja kunatosha kuahirisha mechi, au kulitosha kumwadhibu aliyezuia na mechi ikachezwa? Ni swali lilelile alilojiuliza MacPhail kuhusu utomvu. Mechi hiyo ilichezwa hatimaye tarehe 25 Juni, na Yanga wakashinda 2 kwa 0.

Wapo wanaotumaini kwamba mashine zitaumaliza mjadala huu. Ligi ya besiboli ya Korea Kusini ilikabidhi uamuzi wa straiki na boli kwa kamera na kompyuta mwaka 2024, na Ligi Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kuanzia msimu wa 2026 timu ziruhusiwe kupinga mbele ya mashine idadi ndogo ya maamuzi ya mwamuzi. Lakini mashine haiwezi kuona katikati ya kiwiliwili cha mtu, kwa hiyo ilibidi watu waketi na kuipangia: Marekani ukingo wa juu umewekwa kwenye asilimia 53.5 ya kimo cha mpigaji na wa chini kwenye asilimia 27. Makadirio yamehamishwa tu kutoka uwanjani hadi ofisini, na yamefanyika mara moja kwa wote badala ya mara mia tatu kwa siku. Kwa wachezaji wanaolipwa mamilioni huenda hilo ni bora. Shule ambayo bado inachangisha fedha za nyavu za goli haina haja ya kulijadili.

Kilicho karibu zaidi na uwezo wa shule hizo ni desturi nyingine ya besiboli. Kabla ya mchezo kuanza, waamuzi na makocha hukutana kwenye bamba jeupe kukubaliana kanuni za uwanja ule mahususi, yaani yale ambayo kitabu hakingeweza kuyajua: mpira ukigonga mti ulio ndani ya eneo la kuchezea uhesabiwe vipi, ukiingia kwenye mtaro wakimbiaji wasonge vituo vingapi, mstari wa mpaka uwe wapi mahali pasipo uzio. Mwenyeji hupendekeza, mgeni hukubali au hupinga, na wakishindwa kuafikiana mwamuzi huamua, kisha neno lake huwa kanuni kwa pande zote hadi mchezo uishe. Viwanja vingi vya shule za Kibaha na Kisarawe havina uzio, vina miembe pembeni, na baadhi yake hukatwa na njia ya miguu ambayo watu hawaachi kuipita kwa sababu kuna mechi. Dakika tano za makubaliano kabla ya filimbi ya kwanza, manahodha wote wawili wakisikiliza, zingemwezesha mwalimu mwenye filimbi kuitangaza busara yake mapema, wakati hakuna anayejua bado itamfaa nani.